Nyumba ya Sita

Mwaka ule wa orodha niliandika jina la mama yangu bila kumuuliza. Naanza na kosa hilo kwa sababu maneno yote yanayofuata yametoka humo.

Orodha yenyewe ilikuwa ya watu wa Mantapala wanaotaka kurudi Kongo. Mnakumbuka: kurudi kwa hiari kulianza Desemba 2021, kundi la kwanza likapelekwa Pweto, na baada ya hapo kila penye bomba la maji habari ilikuwa moja tu, nani ameandikisha, nani bado. Kaka yangu mkubwa aliye Lubumbashi alinipigia simu. "Andikisha mama. Akifika Pweto nitamfuata na gari, atakaa kwangu. Kuna chumba, kuna umeme, hospitali iko karibu. Huko porini atazeeka namna gani?" Nikaona amesema kweli. Mama alikuwa amepita miaka 70, goti la kushoto lilikuwa limekataa, na nyumba yake ilikuwa inavuja kwenye kona ya kitanda. Nikaandika jina lake, halafu langu na la watoto.

Siku ya kuhojiwa, kila mtu mzima aliitwa peke yake. Kijana mwenye karatasi alimuuliza mama kama anarudi kwa hiari yake. Mimi nilikuwa nje, dirisha liko wazi. Nikasikia sauti yake, ile ya kuitia watoto toka ng'ambo ya shamba: "Apana. Miye sikusema nitaenda. Huyu mutoto hakuniuliza."

Tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na aibu yangu. Jioni, baada ya bukari na chisense, alinyoosha vidole akaanza kuhesabu nyumba alizowahi kuishi. "Likasi, moja. Kilwa, mbili. Pweto kwa baba yenu, tatu. Kala, ine. Pweto tena, tano. Hii ya hapa, sita. Zile tano, kila moja nilitolewa na muntu mwingine. Ya sita nitatoka mwenyewe, ao Mungu atanitoa."

Mimi nafundisha watoto hapa Mantapala, na historia ndilo somo ninalolipenda. Usiku ule niliona kwamba vidole vya mama vilikuwa vimebeba historia ya ufuko huu mzima wa Ziwa Mweru, pande zote mbili. Nikataka kujua: zamani wazee wa hapa walizeekea wapi, na nani aliyekuwa anaamua?

Mji wenye umri wa mtu mmoja

Mwezi wa 7 tuliomba ruhusa ya kutoka, tukapanda lori mpaka Mwansabombwe kuona Mutomboko. Mama alikuwa na sababu yake. Baba yake, yaani nkambo wangu, alizaliwa upande huu wa Luapula, kijiji kisicho mbali na Mwansabombwe, kabla hajaenda kufanya kazi Katanga. Maisha yake yote mama alikuwa amelisikia jina hilo tu. Alitaka kuona fasi yenyewe akiwa bado anaweza kupanda lori.

Aliyewahi kwenda Mutomboko anajua vumbi lile na ngoma zile. Mwata Kazembe anatoka amebebwa, watu wanaimba, na mwisho yeye mwenyewe anacheza, shoka mkono huu, upanga mkono ule. Ngoma hiyo inakumbusha safari ya Walunda waliotoka magharibi, kwa Mwata Yamvo, wakavuka mto baada ya mto, mpaka wakafika bonde la Luapula katika karne ya 18. Ni kusema, sherehe kubwa kuliko zote za hapa ni sherehe ya watu waliohama. Siye wakimbizi tulisimama pembeni, tukaona kwamba hata wenyeji wana wimbo wa kutoka kwao.

Lakini kilichonishika zaidi ni habari ya mji wenyewe. Zamani ilikuwa desturi: Mwata mpya akikalia kiti, anajenga mji wake mahali pengine. Makao yale yalizunguka humo bondeni, karibu na mito na karibu na maji ya Mofwe. Wareno waliokuja na Lacerda mwaka 1798, wenzao Monteiro na Gamitto mwaka 1831, na Livingstone aliyefika Novemba 1867, wote waliandika kwamba wamefika kwa Kazembe, lakini haina maana walifika kwenye mji uleule. Mwansabombwe ilikuja kuwa makao ya kudumu mwishoni mwa karne ya 19 tu.

Fikiria maana yake. Mji ulikuwa na umri wa mtu mmoja. Mwenye mji alizeeka ndani ya uzio wake, na aliyekuja nyuma yake ndiye aliyechukua mzigo wa kuhama na kujenga upya. Mzee alibaki, kijana akahama. Sisi leo tumegeuza. Kijana anapopata chumba Lubumbashi au Lusaka au Marekani, mzee ndiye anayefungiwa mizigo.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa pepo. Hiyo ilikuwa heshima ya mfalme. Watu wadogo walimfuata alikokwenda. Muonga, Kazembe aliyempokea Livingstone, alijulikana kwa kuwakata watu masikio na mikono. Hata Mwata hakuwa salama: mwaka 1899 jeshi la Waingereza lilikuja likaharibu makao ya Kanyembo Ntemena, Kazembe wa 10. Mwata akakimbia. Alipata hifadhi kwa wamisionari wa Johnston Falls, huko kunakoitwa Mambilima siku hizi, na ndio waliomsindikiza kurudi kupatana na serikali mpya. Alirudi, akatawala chini ya wageni, akafa mwaka 1904. Nilipomsimulia mama habari hiyo, alicheka. "Basi hata yeye alikuwa mukimbizi." Akanyamaza kidogo, halafu: "Lakini yeye mwenyewe alisema narudi?" Sikuwa na jibu. Alikuwa ameuliza swali lilelile la dirishani.

Mzee wa pwani

Kuna mzee mwingine katika habari za Kazembe ambaye wasomaji wa Kiswahili tunapaswa kumjua. Jina lake Muhammad bin Saleh. Alikuwa mfanyabiashara, mtu wa misafara ya pembe na shaba iliyotoka pwani kupitia Ujiji. Livingstone alipofika kwa Kazembe mwaka 1867 alimkuta huko, ndevu zimeshakuwa nyeupe, amekaa zaidi ya miaka 10 bila kuachiwa kuondoka. Alijenga, alilima, aliishi. Lakini hakuwa huru kwenda. Mwisho aliruhusiwa, akaondoka pamoja na Livingstone.

Sasa, mtu angedhani mzee huyu angekimbilia pwani moja kwa moja. Hapana. Alifika Ujiji akabaki Ujiji. Mwingereza Cameron alipopita hapo mwaka 1874 alimkuta bado yupo, mzee mwenye heshima kati ya Waswahili wa pale. Nyumbani kwake kwa asili kulikuwa mbali, na yeye alikuwa na watu wake Ujiji, na kibaraza chake, na wanaomsalimia asubuhi.

Nimemfikiria sana mzee huyu. Kwa Kazembe alikuwa amezuiwa, na Ujiji alikuwa amekaa. Kwa macho ya mpita njia mambo haya mawili yanafanana: mzee yuko mbali na alikozaliwa, anaota jua mlangoni. Tofauti ni moja tu, kwamba Ujiji mlango ulikuwa wazi na yeye akachagua kutotoka. Kubaki kwa hiari na kuzuiliwa vinaweza kuwa na nyumba moja, paa moja, jua moja. Ndiyo maana ni lazima mtu aulizwe.

Nyumba ya kampuni

Kidole cha kwanza cha mama kilikuwa Likasi, na cha pili Kilwa. Hapo historia inakuwa ya kwetu.

Nkambo alikuwa mtoto mdogo wakati serikali ya kampuni ilipohamisha vijiji vingi vya kando ya Luapula na ziwa, karibu mwaka 1910, kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Watu walirudi majini baadaye, wengi katika miaka ya 1920. Wakati huohuo waandikishaji walikuwa wanapita bonde hili kutafuta vijana wa migodi ya Katanga. Union Minière ilikuwa imeanzishwa mwaka 1906 na ilihitaji mikono. Vijana wa Luapula walivuka kwa maelfu. Nkambo alikuwa mmoja wao.

Mwanzoni kampuni iliwataka wanaume peke yao, kwa mkataba mfupi. Kuanzia mwaka 1928 ilibadilisha mawazo: ikaanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto kambini, na nyumba, na posho ya chakula, na shule, na hospitali. Watu wakaiita kampuni baba, wakaiita mama. Ndani ya kambi kama hiyo mama yangu alizaliwa, mwisho wa miaka ya 1940, wakati Likasi ikiitwa Jadotville. Anakumbuka nyumba ya matofali, safu moja na nyingine, na baba yake akipaka chokaa kila Krismasi ukuta ambao haukuwa wake.

Kwa sababu nyumba ilikuwa ya kazi, haikuwa ya mtu. Kazi ikiisha, ufunguo unarudishwa. Upande wa Zambia ilikuwa vivyo hivyo: kwenye migodi ya Copperbelt, chini ya Waingereza, Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni mjini, na mpango wa uzee wake ulikuwa neno moja, kijijini. Hakuna aliyeuliza kama kijiji kingali kipo, au kama mtu aliyepasua jiwe miaka 30 bado anajua kulima mihogo. Nkambo alirudisha ufunguo karibu na mwaka 1960. Hakurudi Luapula. Alikwenda Kilwa, kwenye ufuko wa Kongo, kwa sababu huko ndiko kwao na nkambo mwanamke. Alikufa akiwa anaona milima ya upande wa Zambia asubuhi, na maji katikati.

Mambo yalibadilika baadaye, kwa namna ngumu. Zambia, mwaka 1996, serikali iliamua kuziuza nyumba za halmashauri kwa waliokuwa wanaishi humo, na migodi ilipokuwa inabinafsishwa nyumba zake nyingi nazo ziliuzwa kwa wafanyakazi. Wazee wengi walikuwa na nyumba yao wenyewe mjini kwa mara ya kwanza, lakini bila mshahara wa kuitunza. Katanga, Union Minière ilichukuliwa na serikali mwaka 1967 na mwisho ikaitwa Gécamines. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Neno lilelile, hiari. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika kitabu kizima kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga, na katika jina la kitabu akawaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Wako wazee huko waliobaki na kuta za kampuni bila kampuni, maji yamekatika, watoto wametawanyika.

Kwa hiyo mtu akiniambia nyumba tu inatosha kwa uzee, nakumbuka Likasi. Na akiniambia kijiji tu kinatosha, nakumbuka nkambo akiangalia milima ya ng'ambo.

Kambi inayofungwa

Vidole vitatu vya mwisho ni vya vita. Desemba 2000 Pweto ilianguka, watu wakavuka kwa maelfu kuingia Zambia. Sisi tulipelekwa Kala, wilaya ya Kawambwa. Mama alijenga nyumba ya udongo, akapanda mwembe. Sote tulimcheka. Nani anapanda mwembe kambini? Mwembe ukazaa mara kadhaa. Halafu watu wakaanza kurudishwa, tukapanda boti Nchelenge na kuvuka ziwa mwaka 2009. Mwaka 2010 Kala ikafungwa. Mwembe umebaki huko.

Pweto alijenga tena, nyumba ya tano. Mwaka 2017 vita vya Haut-Katanga na Tanganyika vikatufikia, nyumba ikachomwa, tukavuka tena, tukalala Kenani kwenye mahema, na mwanzoni mwa 2018 tukaletwa Mantapala. Kila familia ikaonyeshwa kiwanja chake. Mama alikuwa karibu na miaka 70. Alikanyaga udongo kwa miguu yake kutengeneza tofali, nyumba ya sita.

Hii ndiyo sababu alisema apana. Kaka yangu alidhani anakataa umeme. Mimi nilidhani anaogopa Pweto. Wala. Alikuwa amechoka kuwa mzigo unaohamishwa na watu wenye nia njema.

Shikulu wa nsaka

Turudi Mwansabombwe. Siku ya pili ya safari yetu tulitafuta kijiji cha nkambo. Tulikipata. Chini ya nsaka walikuwa wamekaa wazee watatu, wakatupa kiti na maji. Mama aliongea Kibemba chake cha Kilwa, akataja jina la baba yake. Mzee mmoja, shikulu aliyepita miaka 80, alifikiri muda mrefu. Jina la mtu hakulijua. Akauliza: "Mukowa wa mama yako ni upi?" Mama akataja. Shikulu akatikisa kichwa kwa upole. Kwa desturi yao ukoo unafuata mama, na mama yake mama yangu alikuwa wa Kilwa. Kwa damu ya baba alikuwa mgeni anayependwa, lakini fasi ya kudai pale hakuwa nayo.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alimuuliza shikulu swali lingine: "Na wewe, unazeeka namna gani hapa?"

Yule mzee akacheka, halafu akajibu kama mtu aliyengoja miaka mingi kuulizwa. Alisema nyumba yake ya zamani ilikuwa mwisho wa kijiji, akajenga ndogo karibu na nsaka akiwa bado na nguvu za kubeba miti mwenyewe, ili siku miguu ikikataa watu wampitie bila kumtafuta. Alisema mtoto wa dada yake anajua mpaka wa shamba, na alimwonyesha mbele ya mwenye kijiji, si kwa siri. Alisema mjukuu analala naye, lakini si yuleyule kila mwaka, "kwa sababu mtoto naye ana maisha yake." Na alisema neno ambalo nililiandika usiku huo: mzee asingoje kuugua ndipo aseme anachotaka, kwa sababu akishaugua watu hawamsikii, wanasikia ugonjwa.

Niliporudi nilianza kuangalia wazee wa pande zote mbili, wa kambini na wenyeji wa Nchelenge, kwa jicho jipya. Zambia ina nyumba chache za kulelea wazee, kama Mitanda kule Ndola na Maramba kule Livingstone, na wanaofanya kazi humo wanafanya jambo jema kwa mtu asiye na mtu. Lakini wengi wetu hatutafika huko, wala hatutaki. Serikali yenyewe iligundua jambo hili ilipoanza kugawa fedha za msaada Kalomo mwaka 2003: kaya nyingi maskini kabisa zilikuwa za mabibi na mababu wanaolea yatima. Mzee alikuwa ndiye nguzo ya nyumba. Kwa hiyo fedha zikamfuata nyumbani, hakuhamishwa yeye kuzifuata. Sisi wakimbizi tunaweza kujifunza mwelekeo huo hata kabla hatujapata fedha.

Mpango wa mama

Basi tulikaa, mama, mimi, watoto wangu wawili wakubwa, na kaka yangu kwenye simu, sauti kubwa. Safari hii mama ndiye aliyesema, sisi tukaandika katika daftari la shule. Nayaweka hapa kwa ruhusa yake, huenda yakamsaidia mwingine.

Paa kwanza. Nyasi zinadumu misimu michache, na mzee hapandi juu. Kaka aliambiwa asitume tena fedha za nauli ya mama. Anunue mabati, hata kama ni machache kwa mwaka, tuanzie upande wa kitanda.

Choo. Kilikuwa nyuma ya mihogo, hatua nyingi gizani. Tukachimba kingine karibu, tukaweka mti wa kushika pembeni ya njia.

Maji na kutwanga. Mama bado anataka kuloweka mihogo yake, na tusimnyang'anye. Ila ndoo kubwa atabeba mtoto, na kinu tumekisogeza kwenye kivuli, kinu kidogo cha kutwangia akiwa amekaa.

Wa kulala naye. Binti yangu alijitolea mara moja, na mama akakataa mara moja. "Huyu anasoma. Wasichana ndio munaofunga kwa wazee." Wakapangwa kwa zamu, wavulana nao, na shule isikosekane.

Majirani. Mama alichagua wanawake wawili, akawaita, akawaambia mbele yetu: asubuhi moshi wangu usipoonekana, gongeni. Hii haina gharama.

Karatasi. Kitambulisho, kadi ya kliniki, namba za simu za watoto, vyote katika mfuko mmoja wa plastiki unaoning'inia nyuma ya mlango, na kila mtu anajua.

Kufa. Alisema atakapozikwa. Kaka alianza kumkatiza kwenye simu, "Mama, usiseme hivyo," na yeye akamjibu, "Nisiposema miye, utasema weye. Na weye uko mbali."

Mwisho nikauliza swali nililokuwa naliogopa. Hapa si kwetu kwa hati. Kala ilifungwa, Mantapala nayo inaweza kufungwa. Tufanye nini siku hiyo? Kimya kikakaa. Halafu mama akasema tuandike hivi: kambi ikifungwa, aulizwe yeye kwanza, kabla ya orodha, kama hana tena akili ya kujibu, aende anakokwenda yule mjukuu atakayekuwa analala naye wakati huo, na asitenganishwe naye kwa ajili ya chumba kizuri. Kaka hakufurahi. Alinyamaza, nikasikia magari ya Lubumbashi yakipita nyuma yake. Mwisho akasema, "Andika." Nikaandika.

Hatukupata kila tulichotaka. Goti halijapona. Mabati yaliyofika yamefunika nusu ya nyumba, nusu nyingine bado nyasi, na mvua ya kwanza ilituonyesha tulipokosea kwenye maungio. Jina langu na la watoto tuliliondoa kwenye orodha. Kuna siku najiuliza kama watoto wangu watakuja kunihesabia hilo kwenye vidole vyao. Nimewaambia waniulize nikiwa bado na nguvu za kujibu.

Ndugu msomaji, kama una mzee nyumbani, usianze na paa. Anza kwa kumkalia chini jioni moja, umuulize anataka kuzeeka wapi na nani, halafu ungoje. Mama yangu alingoja nyumba tano. Sasa hivi naandika haya nikiwa kwenye kivuli cha mabati nusu, na yeye yuko nje anapanda kitu karibu na choo kipya, fimbo imeegemea ukuta. Nimemuuliza ni nini.

"Mwembe," amesema, bila kugeuka.

Safari hii hakuna aliyecheka.